Jiko Limezimwa, Limejizima, au Moto Umezimika? Tahakiki ya Istilahi za Jiko la Vidonge vya Kuni

Kazi ya istilahi hupimwa mahali pawili. Kwanza hupimwa mezani pa kamati, ambako neno hutazamwa asili yake, unyambulikaji wake na ujirani wake na maneno mengine. Kisha hupimwa mkononi mwa mtu mwenye shida, ambaye hana haja ya kujua neno lilitoka wapi. Haja yake ni kujua afanye nini. Neno laweza kufaulu mezani likaanguka mkononi. Tahakiki hii inahusu maneno yaliyoanguka mkononi.

Maandishi ninayoyahakiki ni karatasi ya maelezo yenye kurasa nne, iliyofasiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya familia zisemazo Kiswahili zilizohamia kaskazini-mashariki ya Marekani. Inaeleza namna ya kutafuta hitilafu katika jiko la kupasha nyumba joto, lililonunuliwa kwa mtu aliyekwisha kulitumia, ambalo huwaka kwa muda kisha likazima. Sitaitaja ofisi iliyoitoa, wala sikusudii kumwaibisha mfasiri wake. Sarufi yake ni safi, tahajia haina kasoro, na mahali fulani fulani ametupa maneno mazuri. Hata hivyo, mtu akiifuata karatasi hiyo neno kwa neno hatalitengeneza jiko. Na katika sentensi moja atapotoshwa kiasi cha kuhatarisha maisha ya watu wa nyumbani mwake.

Dai langu ni hili. Mfasiri alitafuta majina ya vitu kabla ya kujua kazi za vitu hivyo. Laiti angeanza na kazi, angeona kwamba Kiswahili kilikwisha kuwa na karibu kila alichokihitaji, tena kwa mpambanuo ulio mkali kuliko ule wa lugha aliyokuwa akifasiri kutoka kwake.

1. Jiko lenyewe

Yafaa kwanza tukifahamu kifaa. Jiko hili si seredani, wala si la mafiga. Lilizaliwa kaskazini-magharibi ya Marekani, penye misitu na viwanda vingi vya mbao. Baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, watu walianza kutafuta nishati nyingine, na unga wa mbao uliokuwa takataka ukashindiliwa kuwa vidonge vya kuchoma. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mhandisi wa ndege, Jerry Whitfield, wa Jimbo la Washington, alibuni jiko dogo la nyumbani la kuchomea vidonge hivyo. Leo majiko ya aina hiyo yameenea Marekani na Ulaya, hasa Italia. Hutumika pia Vermont na Maine, majimbo ambako baridi ya Januari huweza kushuka hata nyuzi 20 chini ya sifuri, na ambako wamehamia Wakongo na Warundi wasemao Kiswahili.

Kidonge kimoja kina kipenyo cha milimita 6 hadi 8. Hakina gundi: unga unaposhindiliwa kwa nguvu hupata joto, na lignini iliyomo katika mti hulainika ikaushika unga pamoja. Viwango vya kimataifa vinataka unyevu wa vidonge usizidi asilimia 10. Vikilowa huvimba na kurudi kuwa unga.

Vidonge humiminwa katika kasha lililo nyuma au juu ya jiko. Chini ya kasha kuna parafujo ndefu izungushwayo polepole na mota; nayo huvisukuma vidonge, vichache vichache, mpaka vikaangukia katika bakuli la moto. Kiwashi cha umeme huvitia moto. Feni moja huvuta hewa ipite katika bakuli la moto na kuufukuza moshi nje kwa bomba. Feni ya pili haihusiki na moto kabisa. Kazi yake ni kupuliza hewa ya chumbani ipite juu ya mabati yaliyopata moto na kuirudisha chumbani ikiwa na joto. Mambo yote hayo husimamiwa na bodi ya umeme, ambayo hupata habari kutoka kwa swichi kadhaa za ulinzi. Swichi moja hutambua kama feni ya moshi inafyonza sawasawa. Nyingine hutambua kama moto umeshika. Nyingine hutambua kama joto limezidi kiasi.

Basi jiko hili ni mkusanyiko wa walinzi waliouzunguka moto mdogo. Mlinzi mmoja akikosa kuridhika, hulisimamisha jiko zima. Ndiyo maana kusema tu kwamba "jiko linazima" ni sawa na mgonjwa kumwambia daktari kwamba "naumwa". Ni kweli, lakini haisaidii.

2. Kitenzi kilichobeba mzigo wa watu wanne

Katika karatasi ninayoihakiki, neno "kuzima" limetumika kila mahali. Jiko linazima, moto unazima, bodi inazima, umeme unazima, na msomaji naye anaamriwa azime. Kwa bahati mbaya, kitenzi hiki katika Kiswahili cha leo kina tabia mbili: twasema "amezima taa", na pia twasema "taa imezima". Mtendaji na mtendwa hawatengani. Katika mazungumzo ya kila siku hapana madhara. Katika karatasi ya kutafuta hitilafu, hapo ndipo penye swali lote.

Hebu tutazame viambishi vyetu wenyewe vinavyotupa.

"Jiko limezimwa." Hapa kuna mwenye kuzima. Swichi ya joto la juu imefunguka kwa sababu jiko limepata moto kupita kiasi, nayo imekata umeme. Hali hii hutokea baada ya jiko kuwaka kwa muda mrefu, nalo likiwa na joto jingi. Mara nyingi chanzo chake ni feni ya chumbani iliyojaa vumbi au iliyosimama, hata joto halina wa kuliondoa.

"Jiko limejizima." Hapa mwenye kuzima na mwenye kuzimwa ni mmoja. Bodi imesubiri ishara kwamba moto umeshika, ishara haikuja, nayo imefuata taratibu yake ya kufunga kazi. Hali hii hutokea mapema, dakika chache au robo saa hivi baada ya kuwasha, na pengine hutokea huku moto wenyewe ukiwaka vizuri machoni pa mtu. Chanzo chaweza kuwa masizi yaliyokifunika kitambuzi, au kitambuzi chenyewe kilichochakaa.

"Moto umezimika." Hapa hakuna aliyezima. Moto umekosa chakula au umekosa hewa. Huenda vidonge vimejenga daraja ndani ya kasha, vikaacha shimo tupu juu ya parafujo. Huenda matundu ya bakuli la moto yamezibwa na jivu. Bodi haina kosa. Ndiyo ya mwisho kupata habari.

"Umeme umekatika." Hapa hata jiko halina habari. Feni zote mbili zimesimama, na moshi uliobaki watafuta njia.

Hali nne, vitenzi vinne, na matibabu manne yasiyofanana. Mtu aliyeambiwa "jiko likizima, safisha kitambuzi" huenda akasafisha kitambuzi mchana kutwa, kumbe ugonjwa uko katika kasha la vidonge. Lakini mtu aliyeulizwa, "Je, jiko limejizima huku moto ungali ukiwaka, au moto ulizimika kwanza?" amekwisha kupewa nusu ya jibu ndani ya swali. Kiingereza hapo chatumia fungu moja la maneno kwa yote, na kulazimika kueleza tofauti kwa sentensi ndefu. Kiswahili chaieleza kwa silabi moja. Mfasiri aliyekuwa na utajiri huo akaomba mkopo, hana budi kulaumiwa kidogo.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Karatasi ya namna hii haina kazi nyingine ila kumfundisha msomaji kuyasoma mawingu. Ndiyo sababu naona hata kichwa chake, "Utatuzi wa Matatizo", hakikufaa. Kutatua ni hatua ya mwisho. Kinachofanywa katika kurasa hizo ni kutafuta, na neno "utafutaji wa hitilafu" lingemwonya msomaji tangu mwanzo kwamba asifungue parafujo hata moja kabla hajatazama na kuuliza.

3. Majina yaliyotoka katika kamusi, si katika jiko

Sasa nitataja majina machache ambayo mfasiri ameyapata kwa kufungua kamusi na kuchukua neno la kwanza aliloliona.

La kwanza ni "vidonge vya mbao". Neno "kidonge" ni jema. Wako wasemao kwamba litamkumbusha msomaji dawa ya hospitali, lakini kidonge ni mtoto wa donge, na dawa ndiyo iliyoazima jina hilo kwa umbo lake. Kosa liko katika "mbao". Kiingereza kina neno moja kwa kitu kitokacho katika mti, ama kijengewe nyumba ama kitiwe motoni. Kiswahili hakikubali uvivu huo: mti ukipasuliwa kwa ajili ya seremala ni mbao, ukikatwa kwa ajili ya moto ni kuni. Kitu kisicho na kazi nyingine ulimwenguni ila kuchomwa, chapaswa kuitwa "vidonge vya kuni".

La pili ni "keekee". Karatasi yasema kwamba vidonge visipoanguka, "keekee imekwama". Msomaji aijuaye keekee ya seremala atauliza: nani anatoboa tundu ndani ya jiko langu? Ni kweli kwamba neno la Kiingereza liitalo kifaa hicho ndilo liitalo keekee, na kamusi haikudanganya. Lakini keekee hutoboa, na kifaa hiki hakitoboi kitu, husukuma. Kwa umbo ni parafujo, kwa kazi ni mlishaji. Napendekeza "parafujo ya kulishia". Jina hilo linafaa pia katika viwanda vya chakula cha mifugo na vya saruji, ambako kifaa cha namna hii husukuma unga na punje; wala hatutahitaji majina mawili kwa kitu kimoja.

La tatu ni "kamba ya mlango". Mlango wa jiko hili umezungushiwa utepe mnene uliosukwa kwa nyuzi za kioo, ili hewa isipenye. Kwa kuwa umesukwa, Kiingereza huuita kamba. Lakini msomaji wetu akiambiwa "kagua kamba ya mlango" atatafuta kamba ya kuvutia. Mafundi wetu wa magari wamekwisha kutupa neno: gasketi. Basi na tuseme "gasketi ya mlango", na tueleze jaribio lake kwa ufupi: jiko likiwa limepoa, weka kipande cha karatasi mlangoni, funga, kisha kivute, kikitoka bila kushikwa, gasketi imechoka. Katika jiko lililotumika jambo hili ni la kutazamwa mapema kabisa.

La nne ni "jivu gumu". Vidonge vibovu vikiungua huacha jivu linaloyeyuka na kugandamana chini ya bakuli la moto, likaziba matundu ya hewa. Mfasiri ameliita jivu gumu, na hakukosea. Ila msomaji hatajua kwamba jivu hilo halipeperuki, bali hubanduliwa. Kila mtu aliyewahi kupika wali anajua kitu kinachogandamana chini ya chungu, nacho ni ukoko. "Ukoko wa jivu" ni jina ambalo lina maelekezo ya matibabu ndani yake: msomaji ataenda kuchukua kitu cha kubandulia bila kuambiwa.

La tano ni "feni". Jiko lina feni mbili, na karatasi yazitaja zote kwa neno hilo moja. Feni ya moshi ikisimama, maisha ya watu yako hatarini. Feni ya chumbani ikisimama, watu watasikia baridi, na jiko litapata moto kupita kiasi hata lizimwe na swichi yake. Vitu viwili vyenye uzito usiolingana kiasi hicho haviwezi kuachiwa jina moja.

Naongeza la sita, ingawa si la ufundi. Jiko lenyewe limeitwa "jiko la mkono wa pili". Mikono mingapi imelipitia hatujui. Huenda ni wa tano. Lugha yetu ina "kuukuu" kwa kitu kilichochakaa, ina "mtumba" kwa kitu kilichotoka ng'ambo kikiwa kimetumika, na ina neno la wazi kabisa, "lililotumika". Katika maandishi ya kiofisi hili la mwisho latosha. Jambo la maana kwa msomaji ni lile linalofuata katika hali hiyo: jiko lililotumika huja bila kitabu chake, na pengine huja na siri ya mwenyewe wa kwanza. Siri hiyo ndiyo inayonileta katika sehemu nzito ya tahakiki hii.

4. Neno moja na uhai wa watu

Katika ukurasa wa tatu wa karatasi pana onyo lililoandikwa kwa herufi nene: "Usiipitie swichi ya ombwe."

Tuanze na "ombwe". Hili ni neno halali la sayansi yetu, nalo lina maana ya utupu. Lakini ndani ya jiko hakuna utupu. Feni ya moshi hupunguza kanieneo ya hewa kwa kiasi kidogo sana, pungufu ya sehemu moja katika elfu ya kanieneo ya hewa ya kawaida. Upungufu huo mdogo hupita katika mpira mwembamba mpaka kwenye swichi, ukavuta kiwambo, na swichi ikafunga saketi. Ndipo parafujo ya kulishia inaporuhusiwa kuzunguka. Bomba la moshi likiziba, au mlango ukiwa wazi, au gasketi ikivuja, au mpira ukichomoka, mfyonzo hupotea, swichi hufunguka, vidonge havianguki tena, moto huzimika kwa njaa. Swichi hiyo si mgonjwa. Ni mlinzi anayepiga kelele. Msomaji anayeambiwa "ombwe" hapati picha yo yote ya jambo hili, lakini akiambiwa "swichi ya mfyonzo" atajua mara moja atazame nini: ni nini kilichozuia feni isifyonze?

Sasa tuje kwenye "usiipitie". Maandishi ya Kiingereza yalikusudia kukataza jambo moja la hatari, nalo ni kuziunga pamoja waya mbili za swichi hiyo ili umeme uvuke bila kuulizwa. Watu hufanya hivyo. Jiko likikataa kuwaka kwa sababu bomba limejaa masizi, mtu asiye na subira huiruka swichi kwa kipande cha waya, na jiko huwaka. Kisha hulisahau, au huliuza. Tangu hapo parafujo huendelea kuleta vidonge hata kama moshi hauna pa kutokea. Moshi hurudi chumbani, pamoja na kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, iuayo watu usingizini. Moto nao waweza kurudi nyuma mpaka kwenye kasha la vidonge.

Lakini kwa Kiswahili "kupitia" ni nini? Mwalimu hupitia madaftari. Karani hupitia hesabu. Mhariri hupitia makala. Kupitia ni kukagua. Kwa hiyo msomaji wetu ameambiwa, kwa herufi nene, kwamba asiikague swichi ya ombwe. Onyo limegeuka kinyume chake. Kitu ambacho mnunuzi wa jiko lililotumika angepaswa kukitazama kabla ya vyote, yaani kama mwenyewe wa kwanza aliacha kipande cha waya mahali pale, ndicho alichokatazwa kukitazama.

Hapa hapana suala la ladha ya lugha. Hapa pana suala la mtu kuamka au kutoamka. Mfasiri alikiona kiambishi cha Kiingereza chenye maana ya kando, akakiona kitenzi chenye maana ya kupita, akaviunga, akapata neno la Kiswahili lililo sahihi kisarufi. Hakuuliza: mkono wa mtu unafanya nini hapa? Laiti angeuliza, angeandika: "Usiziunge pamoja waya za swichi hii. Ukikuta zimeungwa, usiliwashe jiko mpaka fundi azitenganishe." Sentensi mbili ndefu kidogo, lakini sentensi ya onyo haihesabiwi kwa maneno.

Nitajibiwa kwamba mafundi wenyewe huiruka swichi kwa muda mfupi ili kujua kama ndiyo yenye kasoro. Ni kweli. Lakini fundi hufanya hivyo akiwa na kipimo mkononi, kwa dakika chache, na huondoa waya kabla ya kuondoka. Karatasi hii haikuandikiwa fundi. Imeandikiwa baba au mama wa nyumba, usiku, nje kuna theluji.

5. Kiswahili cha nani?

Jambo moja zaidi lastahili kusemwa, hasa kwa wafasiri wanaofanya kazi nyumbani kwa ajili ya wasomaji walio mbali. Wengi wa wasomaji wa karatasi hii hawakusoma fizikia kwa Kiswahili. Mtu wa Lubumbashi huliita jiko la makaa "mbabula". Mrundi ana "imbabura" kwa lugha yake. Kwa watu hao neno "jiko" huelekea zaidi mahali pa kupikia. Jiko la vidonge halipiki kitu. Twaweza kuwasaidia kwa kuongeza maneno mawili ambayo kila mahali pa Kiswahili yanafahamika, yaani kuota moto. "Jiko la kuotea moto" laeleza kazi yake kwa mtu wa Tanga na kwa mtu wa Bukavu vilevile.

Kadhalika karatasi imejaa maneno kama "inashauriwa kwamba usafishaji ufanyike". Nani anashauri? Nani afanye? Kiswahili kina amri yenye adabu. "Zima jiko. Lisubiri lipoe. Ondoa jivu, ulitie katika ndoo ya bati yenye kifuniko, uiweke nje." Katika jivu hujificha makaa yaliyo hai hata baada ya siku kadhaa, msomaji hana nafasi ya kumtafuta mtenda ndani ya sentensi isiyo na mtenda.

Nisiache kutoa haki. Mfasiri huyu ametumia "kiwashi" kwa kifaa cha kuwashia, na ni neno jepesi lenye kunyambulika vizuri. Ameandika "masizi" mahali ambapo wengine wangeandika "mabaki ya kaboni". Na swichi inayotambua kama moto umeshika ameiita "swichi ya kuthibitisha moto", jina ambalo naliunga mkono bila kulibadili. Majina matatu hayo yana sifa moja: yote yanataja kazi au kitu chenyewe. Mfasiri alipokitazama kifaa alifaulu. Alipoitazama kamusi peke yake aliteleza.

6. Mapendekezo

Tangu sheria ya mwaka 1967 iliyounda Baraza la Kiswahili la Taifa nchini Tanzania, kazi kubwa imefanywa katika istilahi za shule na za ofisi. Istilahi za ukarabati, yaani maneno ya mtu aliyeshika bisibisi, bado ziko nyuma. Wala mtu asidhani kwamba mfano wetu ni wa nchi za theluji tu. Majiko ya kupikia yenye feni na yanayotumia vidonge yamekwisha kuuzwa Rwanda, na mojawapo lina jina la Kiswahili, Mimi Moto. Parafujo za kulishia, feni za moshi na swichi za ulinzi zimo viwandani mwetu.

Kwa hiyo naomba wasomaji wa jarida hili, hasa wafasiri na walimu wa ufundi, wayajadili mapendekezo yafuatayo:

(a) Vidonge vya kuni, si vidonge vya mbao.

(b) Parafujo ya kulishia, si keekee. Na keekee ibaki kwa seremala.

(c) Feni ya moshi na feni ya chumbani, zisiandikwe kamwe bila kivumishi chake.

(d) Gasketi ya mlango, si kamba ya mlango.

(e) Ukoko wa jivu, kwa jivu lililogandamana.

(f) Swichi ya mfyonzo, mahali pa swichi ya ombwe. Swichi ya kuthibitisha moto. Swichi ya joto la juu. Na zote tatu ziwekwe chini ya jina moja la jumla, swichi za ulinzi, ili mtu asije akadhani ni vipuri vya kuondolewa.

(g) Kuruka swichi kwa waya, au kuziunga pamoja waya za swichi. Na kitenzi "kupitia" kisitumike kwa maana hiyo katika maandishi yo yote ya umeme.

(h) Kuzimwa, kujizima, kuzimika na kukatika, kila kimoja mahali pake. Na kitenzi "kuzima" kitumike tu pale ambapo mtenda ametajwa.

Pendekezo la mwisho ni la utaratibu, wala si la neno. Kila karatasi ya ufundi iliyofasiriwa, kabla ya kupigwa chapa, isomwe kwa sauti mbele ya mtu mmoja asiyejua lugha ya asili, naye akiwa amesimama mbele ya kifaa chenyewe. Mfasiri akae kimya. Mtu huyo akinyoosha mkono mahali panapostahili, karatasi imefaulu. Akinyoosha mahali pengine, basi neno libadilishwe, hata kama limo katika kamusi, na hata kama limepitishwa na kamati. Kupitisha neno na kulipitia ni mambo mawili, na hili la pili halina mwisho.